Fundi Friji na Sakafu ya Uwanja wa Barafu

Jumanne tarehe 14 Machi 2017, saa nne na dakika ishirini asubuhi, ndani ya uwanja wa barafu wa jiji uliokuwa bado unajengwa, marehemu aliweka saini kwenye karatasi moja, na tangu saa ile hakuwa tena mtu tuliyemzoea. Ndugu waombolezaji, anayewasomea ni mdogo wake, naye anaomba mumvumilie akisoma polepole, kwa sababu mengine yaliyomo humu hayajawahi kusemwa mbele ya watu.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fundi Friji, alizaliwa tarehe 9 Juni 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akaingia sekondari mwaka 1975, lakini baba yao alipofariki mwaka 1977 aliacha masomo, akaenda kujifunza ufundi wa mitambo ya baridi ili mdogo wake aendelee kusoma, na jambo hilo hakulitaja hata walipokuwa wakigombana.

Mwaka 1981 aliajiriwa katika kiwanda cha maziwa, akatunza vyumba vya baridi kwa miaka thelathini na minne. Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na mke wake, mshonaji, wakajaliwa binti mmoja mwaka 1990, ambaye leo ni mwalimu.

Mwezi Agosti 2015 jiji lilimchukua asimamie mabomba ya uwanja wa barafu. Jengo lile lilikusudiwa kufanya kazi nyingi, siku nyingine watu wateleze juu ya barafu, siku nyingine mbao zitandikwe juu yake kwa mpira wa kikapu, mikutano na maonyesho. Chini ya sakafu kulikuwa na kilomita kumi na nane za mabomba, ambamo maji ya chumvi yenye baridi kali yangepita na kugandisha maji yaliyomwagwa juu yake, na kila kiungo marehemu alikigusa kwa mkono wake.

Utaratibu wa kazi ile ni kwamba mabomba hujazwa hewa na kufungwa, na mshale wa kipimo cha presha usimame palepale kwa saa ishirini na nne, kuonyesha hakuna panapovuja, ndipo fundi atie saini na zege limwagwe. Zilipotimia saa kumi na tisa mshale ulishuka, upana wa ukucha tu. Msimamizi wa zege alikuwa huyuhuyu mdogo wake, magari yalikuwa yamepanga foleni mlangoni yakizungusha zege lisigande, na bosi wake alikwishamwambia kwamba wakichelewa tena atafute kazi kwingine. Akamwendea kaka yake huku akicheka, akamwambia, "Kaka, hata mshale unachoka kusimama kama sisi, weka saini bwana." Marehemu akamjibu, "Jua linapanda, hewa inapata joto, mshale ungepanda. Huu unashuka." Mdogo wake akaacha kucheka, akasema, "Basi nimekwisha, Kaka." Marehemu akatoa kalamu.

Uwanja ulifunguliwa Ijumaa tarehe 2 Juni 2017, barafu ikashika kila mahali isipokuwa ukanda mmoja karibu na mlango wa mashariki, ambako maji yalituama tu, na vijana wakawa wanamwuliza, "Fundi, leo tunateleza au tunaogelea?" Kufikia Septemba maji ya chumvi yalikuwa yamevuja chini ya zege, sakafu ikainuka na kupasuka, uwanja ukafungwa. Tume ya uchunguzi ya jiji ilimwita marehemu, ikamwonyesha saini, akasema ni yake, akaulizwa kama kuna aliyemshawishi, akasema hakuna. Alinyang'anywa cheti chake cha ufundi, na mwaka uliofuata mdogo wake akapandishwa cheo. Mke wa marehemu alimsihi mara nyingi aseme yote, naye jibu lake likawa moja, "Mke wangu, yule ana watoto wanne."

Mwezi Agosti 2021 figo zake zilianza kushindwa. Januari mwaka huu mdogo wake hatimaye alipeleka barua ya kukiri ofisi ya jiji, karani akaisoma yote, akamrudishia, akasema, "Mzee, jengo lile linabomolewa, faili limefungwa, unataka nani alifungue?" Alitoka pale akaenda hospitali kumwambia kaka yake, akamkuta hasikii tena. Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa tisa alasiri, na katika karatasi za jiji bado ameandikwa kuwa ndiye aliyeuharibu uwanja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliomteremsha ngazi mara tatu kila wiki kwenda kusafishwa damu, bila kunung'unika, na mafundi wenzake wa mabomba, ambao walistahili kuyasikia maneno haya miaka minane iliyopita, yeye akiwa amekaa kati yao.

Ee Mwenyezi Mungu, mpokee mja wako, umsamehe uongo mmoja alioutia saini, kwa kuwa hakuutia kwa faida yake, na yule aliyefaidika nao umuulize Wewe mwenyewe, maana hapa duniani hakuna tena wa kumuuliza. Kaka, Mungu akulaze katika amani ambayo mdogo wako hakukuachia. Amina.