Mpira wa Filta ya Zamani

Mshonaji alikuwa ameketi basini nyuma ya wanaume wawili, gauni la mteja mapajani. Hakuwa mmbea, ila basi lilikuwa kimya na wale wawili hawakujua kunong'ona.

“Oili nilibadilisha mwenyewe, uani kwangu,” alisema mwenye chupa ya supu. “Nikafunga na filta mpya. Kesho yake nikampa mdogo wangu pikipiki, ikamwangusha kwenye kona. Tairi la nyuma lilikuwa limelowa oili. Nikitoka hospitali, yule muuza vipuri atanitambua! Ameniuzia filta feki.”

Jirani yake alikuwa fundi. Kucha zake nyeusi zilimtangaza. “Pole, kaka. Ulipofungua filta ya zamani, mpira wake wa kuziba oili ulitoka nayo? Maana huwa unabaki umeganda kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu yake, mipira inakuwa miwili, na oili inapenya.”

“Mpira gani?”

Fundi akatazama kucha zake. Mshonaji, asiyejua hata oili inamiminwa wapi, akajuta kuelewa.

Kisha mwenye chupa akasema polepole, “Mguu wa mdogo wangu wameukata juzi. Na kila nikimpelekea supu ananiomba radhi, eti alikimbiza mno pikipiki yangu. Namjibu nimemsamehe.”

Basi likasimama. “Hospitali! Wa hospitali!” kondakta akaita, akarudia. Fundi akavuta magoti pembeni kumpisha. Mwenye chupa akaikumbatia chupa yake, asiinuke.