Moyo Juu ya Uso

Ndani ya basi la Ibra kwenda Sur, huku Omani, mama kijana aliyekaa mbele yangu alimwonyesha bibi wa pembeni yake picha aliyoiweka mtandaoni. Ilikuwa ya bintiye, ambaye sasa kamlalia mapajani. Pichani, uso wa mtoto mama kaufunika kwa alama ya moyo mwekundu.

"Nachelea hasadi, bibi."

"Mashaallah. Lakini jina lake umeliandika, Samah, na skuli yake naisoma kwenye sare. Hasadi inataka uso tu?"

"Wallahi sijui."

"Kama unamficha, unamtoa mtandaoni kwa nini? Na kama unamtoa..." Bibi mwenyewe akapotea katika hoja yake, akaomba atumiwe picha awaonyeshe wanawe. Akatumiwa. Mimi ndio nikazidi kutatizika.

Basi likasimama Sur, mtoto akaamka.

"Kwaheri, Samah," nikamwambia, kwa adabu tu.

Akanikodolea macho. "Nani kakwambia jina langu?"