Kaindi Aliyebaki Nje ya Lango la Klabu Yake

Wapendwa waombolezaji, kabla sijakunjua karatasi hii naomba kila mmoja wenu aape moyoni kwamba nitakayosoma yatabaki kwenye nyasi hizi, hata kwa mama wa saluni yasifike, nami najua ninawaomba jambo gumu, maana siri hii mimi mwenyewe niliapa nitazikwa nayo, na sasa hivi ninaitoa.

Marehemu Perpetua Kaindi Mutie alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 huko Mitaboni, Machakos, akasoma hadi kidato cha nne, jambo alilotukumbusha mara nyingi sisi tulioishia darasa la tatu, akajifunza kupiga taipu, na mwaka 1972 akaajiriwa na mawakili hapa mjini. Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na kaka yangu Zachariah, ndipo nikawa wifi yake, wakajaliwa watoto wawili, Mwende na Musau, wakakaa nyuma ya maduka ya Adams Arcade.

Mwaka 2003 aliona wakazi wa kwetu hawana pa kupumzikia ila baa za Westlands, akatukusanya majirani thelathini sebuleni kwake, tukanunua shamba hili lililokuwa la kuku, tukalifyeka, tukaweka uwanja wa tenisi na chumba cha kulia, ikawa klabu yetu. Tarehe 20 Machi 2004 alitusomea kanuni alizozipiga taipu mwenyewe, ya nne ikisema kila mtu, hata mwanzilishi, apigiwe kura ya maharagwe, yaani kila mpiga kura apewe jeupe moja na jeusi moja, atie alitakalo chunguni chini ya kitambaa, linalobaki alirudishe kwenye mfuko wa sukari, na jeusi likipatikana chunguni, hata moja, huyo anayepigiwa kura asiingie klabu maisha yake yote. Ya tisa ilisema hakuna kuingia chumba cha kulia na leso, na alipoisoma aliniangalia mimi, niliyekuwa nimejifunga leso mpya kwa heshima ya siku ile.

Tulipita wote, yeye akawa wa mwisho kupigiwa, na chungu kikatoa jeusi moja. Katika mfuko wa sukari likakosekana jeupe moja, tukajua aliyemkataa hakulirudisha, wanaume wakapekuliwa, mfuko wa koti la jirani yake Norman ukakutwa umetoboka, ikasemwa jeupe lilidondokea hapo, na kwa kuwa walikuwa wamegombana na marehemu juu ya ua wa mpaka, basi ikawa ni Norman. Sisi wanawake hatukupekuliwa.

Miaka ishirini na moja marehemu alimleta mumewe hadi langoni kila Jumamosi, akabaki ndani ya gari akifuma, mimi nikimpelekea chai na habari za ndani, nani amenenepa, nani amekuja na mke wa nani, akicheka mpaka sindano zinamponyoka, kisha akiuliza kama Norman yupo. Hakumsalimu tena. Alipougua figo, Norman alifika wodini na machungwa, marehemu akageukia ukuta, Norman akayaacha mezani akaenda zake, nami nilikuwa nimekaa palepale kitandani, nikamenya moja nikala. Alituacha tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika, wenzake wa ile ofisi ya zamani waliotoka mbali, na Norman, mwenyekiti wetu, aliyefungua lango ili leo marehemu aingie kwa mara ya kwanza, akisema kanuni ilitaja maisha yake tu, na hayo yamekwisha.

Jana kaka yangu alitaka leso ya kumfunika marehemu, akafungua sanduku langu, akachagua iliyo mpya kuliko zote, na ni mpya kwa sababu sikuivaa tena baada ya siku ya kura, akaona pindo lina fundo, akalifungua. Siku ile niliogopa jeupe lingeonekana nikilirudisha, nikalifunga pale, na tangu hapo sikuthubutu kuligusa. Hakunigombeza, aliniambia tu, "Syombua, kesho utasoma wewe, na Norman atakaa mbele."

Lala kwa amani, wifi yangu, uko ndani sasa. Na ninyi wengine mtazameni Zachariah hapo kando ya jeneza, mwone alichoshika kiganjani, kisha mnitazame mimi.