Miezi Mia Nne na Themanini

Basi la mtaa huu lilifutwa mwaka ule nusu ya nyumba zilipopigwa mbao madirishani, lakini benchi la kituo hakuna aliyekuja kulichukua. Liko pale pale, mbele ya duka la mashine za kufulia nguo, upande wa mashariki wa mji wa Cleveland, Marekani, na kila alasiri lina wenyewe. Yupo Shemasi, ambaye ni shemasi kweli, na huja na chupa ya kahawa ya kanisa bila kanisa kujua. Yupo Faksi, mstaafu wa kiwanda cha magari, aliyebatizwa jina hilo kwa sababu aliitumia benki makaratasi yale yale kwa faksi mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja akaambiwa hayajafika. Benki ikaichukua nyumba yake. Na yupo Earlene Pettway, wa chumba cha kufulia mashuka hospitalini. Siku hiyo alikaa katikati yao, simu mapajani, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenziwe. Alitaka kulia na alitaka kucheka, na hakujua aanze na lipi.

— Soma tena, alisema Faksi. Taratibu, huuzi mnada.

Earlene akavaa miwani.

— "Bi Pettway, tumeona kipato chako kimepungua. Huna haja ya kutuma chochote. Malipo ya nyumba yako yatashuka kwa theluthi moja, na muda wa mkopo utakuwa miezi mia nne na themanini. Kukubali, jibu NDIYO kabla ya saa kumi na moja jioni leo. Ujumbe huu umeandaliwa na mfumo."

— Mfumo ndo nani? Faksi akauliza.

— Kompyuta ya benki, bwana wee. Inaamua yenyewe.

— Hebu ngoja, alisema Shemasi, chupa ikiwa hewani. Dada Earlene, kwani kipato kimepungua?

Earlene akaangalia viatu vyake. Saa zake za kazi zilikatwa tangu Machi, na hakumwambia mtu. Hakumwambia Shemasi, aliyemwombea kila Jumapili kwa mambo mengine kabisa. Hakumwambia binti yake Charisse, kule Atlanta. Miezi miwili alikuwa hajalipia nyumba, na kila gari lililopunguza mwendo mbele ya baraza lake alilichungulia nyuma ya pazia.

— Nilikuwa nije niseme, alijibu.

— Unaungua peke yako tangu Machi, Shemasi alisema, na sisi tuko hapa tunabishana mpira!

— Sawa, Faksi akadakia, sisi hukutuambia. Sasa hiyo mashine kaiambia nani?

Hapo wote watatu wakaitazama simu. Hata Earlene aliyeishika aliisogeza kidogo mbali na mwili.

— Mshahara si unapita benki? Shemasi alisema. Imeona umepungua, basi.

— Basi? Wangu ulikatika wote, Shemasi! Benki hii hii! Iliona nini? Ilitaka barua ya shida.

Hakuna mtu wa makamo mtaani hapo ambaye hakuandika barua ya shida: ukurasa mmoja, kwa mkono wako, wa kumweleza usiyemjua kwa nini umeshindwa kulipa. Waliziandikia ukumbini mwa kanisa, Shemasi akigawa kalamu. Wanaume ambao hawakuwahi kumlalamikia hata mke waliandika habari za ugonjwa wa sukari, za kiwanda kufungwa, za mtoto aliye jela. Halafu faksi, halafu kimya, halafu karatasi ya kufukuzwa imebandikwa mlangoni.

— Mungu humtumia amtakaye, Shemasi alisema. Katika Maandiko alimfungua punda kinywa.

— Punda hakusema ajibiwe kabla ya saa kumi na moja.

— Acha kufuru.

— Mtego huo, nakwambia. Inakusomea mita ya gesi. Inajua umezima hita ya ghorofani, unalala sebuleni.

Earlene akageuka mzima mzima.

— Nani kakwambia nalala sebuleni?

— Hakuna. Nilikuwa natunga tu.

Faksi mwenyewe alishtuka. Akanywa kahawa, akafikiri, na alipoanza tena alikuwa ameshusha sauti.

— Jamani. Zile barua zetu. Walisema zimepotea, si ndiyo? Mtaa mzima, mji mzima, zimepotelea wapi? Hazikupotea. Waliilisha hiyo mashine. Ndizo ilizofundishiwa kusoma. Miaka yote hii inazisoma, haili, hailali, mpaka imewajua watu wa mtaa huu wanavyoanza kuzama kabla hawajafungua mdomo.

  Earlene alijua ni uongo wa kijiweni, lakini aliuona mzigo ule wote wa barua umekaa mahali pamoja, na ya marehemu mumewe imo, na mwishowe imepata msomaji. Alitamani sana iwe kweli.

— Basi imesoma na yako, Shemasi alimwambia Faksi kwa upole.

— Kama imeisoma, imechelewa.

Ilikuwa imebaki nusu saa kufika saa kumi na moja. Mlango wa duka ukafunguka, akatoka yule binti aliyehamia nyumba ya njano mwezi uliopita, kapu la nguo kiunoni.

— Samahani, wazee wangu. Mashine ya tatu imekula sarafu zangu.

— Ipige teke ubavuni, alisema Faksi. Tuna mashine kubwa zaidi hapa.

Wakamweleza, wote kwa pamoja. Binti akasikiliza, akainama kuusoma ujumbe.

— Miezi mia nne na themanini ni miaka mingapi?

Shemasi akahesabu kwa vidole.

— Arobaini.

— Na mama una mingapi?

— Sitini na saba, alisema Earlene.

Faksi akapiga mluzi.

— Mia na saba! Mimi daktari wangu hajanipa hata kumi. Earlene, hii kitu inakupenda!

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika, Earlene naye akicheka huku akifuta macho, maana mbali na mashine hiyo hakuna aliyewahi kumkadiria umri huo.

— Sawa, alisema binti. Sasa hiyo miezi ya mwisho atalipa nani?

 Faksi alitazama barabarani kana kwamba basi linakuja.

Earlene alikuwa ameshaandika NDIYO, amebakiza kutuma. Akilini alimwona Charisse, miaka arobaini baadaye, ana themanini na tano, anatafuta miwani ili alipie nyumba aliyoihama akiwa msichana. Mashine iliyojua yote haikumuuliza Charisse. Yeye mama yake pia hakumuuliza.

Akafuta neno lile, akapiga simu Atlanta.

— Mama? Saa za kazi hizi! Kuna nini?

— Hajafa mtu, alisema Earlene. Nina dakika ishirini, mwanangu. Kaa chini nikwambie. Wamenipunguzia saa kazini tangu Machi.