Mzee wa Kumsemea

Kwenye treni ya asubuhi, mpimaji ardhi mstaafu alikaa kiti cha pembeni, akijifanya anasoma gazeti. Dirishani, kando yake, fundi wa kuchomelea aliyevaa koti jipya alikuwa akimsimulia muuguzi waliyeketi naye wakitazamana, mtu ambaye hata jina lake hakulijua.

"Leo napeleka posa, dada. Kwao ni kanisa, kwetu msikiti, na makabila nayo mbalimbali. Kaka zangu wamegoma kunisindikiza."

"Si uende mwenyewe? Mdomo unao."

"Kwao mposaji hasemi neno. Anakaa kimya kama mgonjwa, na mzee wa upande wake ndiye anayemsemea. Nikifika bila mzee, hata kiti sipewi."

"Makubwa! Kwetu huo ukimya ungekuponza. Marehemu baba alimkataa mchumba wangu kwa sababu hakufungua kinywa." Muuguzi alicheka, kisha akaacha. "Wewe tafuta mzee yeyote, bwana. Wamejaa tele."

"Nani akubali? Kila mzee ana watoto wake wa kuwasemea."

Mpimaji hakuwa na mke wala mtoto, na kwa miaka sita tangu astaafu hakuna aliyemwomba lolote. Alikunja gazeti. Alikuwa ameshaipanga sentensi ya kwanza, fupi, isiyo na madoido, treni ilipopunguza mwendo.

Fundi alisimama, akamtazama usoni.

"Samahani, mzee," alisema. "Naomba njia."

Mpimaji alivuta miguu, akampisha. Treni ikasimama.