Fundi Taratibu, Aliyejifunza Kuvunja Viatu

Marehemu tuliyekuja kumsindikiza leo alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa baba fundi bomba na mama mfuaji nguo wa hospitali. Mama yake alisimulia mpaka uzeeni kwamba mtoto yule alitoka amekunja ngumi na kufumba macho, akakataa kuyafumbua mpaka siku ya pili. Mkunga alicheka, akasema huyu anasikiliza kwanza kama kuna usalama. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Taratibu, maana hilo ndilo neno alilomwambia kila aliyepita mbele ya duka lake: mzee mwenye mkongojo, mama mwenye mtoto mgongoni, mwendesha baiskeli, hata paka. Anayewasomea maneno haya ni mdogo wake wa pekee, dada yake. Mjane amesema hawezi kusoma, na binti amesema atatetemeka. Mdogo mtu naye anatetemeka, ila yeye ana miwani.

Alianza shule mwaka 1968 na kumaliza darasa la saba mwaka 1974. Alikuwa mzuri wa hesabu na mbaya wa michezo, kwa kuwa hakupenda kitu chochote kilichohitaji miguu miwili kuondoka chini kwa pamoja. Hakuzaliwa hivyo. Alasiri moja ya Aprili 1970, akiwa na miaka tisa, mama yao alimkabidhi mdogo wake wa miaka mitano. "Mshike mkono mwenzako," alimwambia, "usimwachie." Wakapanda kwenye ukuta mfupi wa nyuma ya nyumba, wakatembea juu yake wameshikana. Katikati ya ukuta kamba ya kiatu cha yule mkubwa ikafunguka. Aliuachia ule mkono ili afunge kamba, akasikia kishindo. Mguu wa kushoto wa mdogo wake ulivunjika, ukapona, lakini ukabaki mfupi kuliko wa kulia kwa sentimita tatu. Hapo ndipo hofu ilipoingia ndani ya kaka yetu, na haikulipa kodi wala haikuhama.

Ndiyo maana alichagua ushonaji viatu. Baba yao alitaka arithi mabomba, yeye akaenda mwaka 1975 kukaa miguuni pa fundi mmoja mkali ambaye alimfundisha kazi miaka minne, na kiatu cha kwanza alichokitengeneza peke yake kilikuwa cha dada yake, chenye soli ya kushoto iliyoongezwa sentimita tatu kamili. Tangu siku hiyo dada mtu hajawahi kuvaa kiatu cha mkono mwingine. Hata hivi alivyovaa leo ni vya mkono wa kaka yake. Mwaka 1985 marehemu alifungua duka lake nyuma ya soko, chumba kimoja chenye dirisha moja, mashine moja ya kushonea na harufu ya gundi iliyomfuata mpaka mezani. Viatu alivyotengeneza vilikuwa vigumu kama kiapo. Wateja walilalamika kwamba vinachosha, lakini hakuna aliyewahi kusema vimekatika.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 2 Septemba 1989, na karani wa posta ambaye kisigino cha kiatu chake kilivunjika mbele ya duka. Kazi ya dakika kumi ilimchukua fundi wetu siku tatu. Siku ya tatu yule karani aliweka mkono kiunoni: "Fundi, unatengeneza kiatu au unaoa?" Marehemu akasema vyote viwili, halafu akaingia nyuma ya mashine asionekane. Mkewe alikuwa jasiri kwa wote wawili. Walikaa miaka mitano bila mtoto, na tarehe 20 Oktoba 1994 wakapata binti.

Binti huyo alianza kutembea kwa ncha za vidole kabla hajajua kutembea vizuri, na mtaa ukamwita Ncha. Ng'ambo ya barabara, juu ya duka la fanicha, palikuwa na ukumbi wa Mwalimu, mama mmoja mwembamba aliyefundisha baleti, ile densi ya kurukaruka na kusimama juu ya vidole. Muziki ulishuka dirishani, na Ncha akausikiliza huku amekaa kwenye vipande vya ngozi. Akiwa na miaka saba alimwambia baba yake anataka kupanda kule juu. Marehemu aliuliza ngazi zina vipandio vingapi. Aliuliza sakafu ni ya nini. Alivuka barabara, akagonga mlango, akamuuliza Mwalimu uso kwa uso: "Wanaanguka?"

"Wote," alisema Mwalimu.

Alirudi dukani akanywa maji glasi mbili. Mkewe akamwambia kwamba kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, lakini hakimbizi bawa la mtoto wake. Akakubali. Miaka minane alimpandisha binti ngazi zile mara tatu kwa wiki, akakaa kwenye benchi la nyuma, macho ameyafumba. Hakuweza kutazama. Alisikiliza. Sikio la fundi viatu linajua mguu unavyokanyaga, na Mwalimu alikuwa amemwambia kwamba anayetua vizuri hutua kimya. Basi kila mtoto aliporuka yeye alisema kwa midomo tu, bila sauti, "Shuka salama," akasubiri, na pasiposikika kitu akavuta pumzi. Wazazi wengine walidhani anasali. Walikuwa hawajakosea sana.

Sasa tufike pale ambapo yeye mwenyewe asingependa tufike. Mjane ameruhusu, na binti amesema yasemwe, kwani bila hayo hamtamjua. Ncha alipofika miaka kumi na minne alianza kuvaa viatu vya ncha, ambavyo mbele vina boksi gumu la kitambaa na gundi ili vidole vibebe mwili. Wachezaji hawavivai vikiwa vipya. Huvikunja, huvikanyaga, huvibana mlangoni, hukwaruza soli, mpaka vifuate mguu. Marehemu hakujua hilo. Siku moja kabla ya mtihani mkubwa, ule wa kuchagua watakaosomea baleti kwenye chuo, alifungua mfuko wa binti yake akakuta jozi mbili zimelegea, zimekunjika, soli zimechanika. Mtoto atapanda na viatu vilivyokufa! Akafanya kile ambacho fundi yeyote mwenye upendo angefanya. Alivitia gundi, akaingiza bamba jembamba la chuma kwenye kila soli, na kwenye ncha akabandika mpira wa kuzuia kuteleza. Hakumwambia mtu. Alitaka iwe zawadi.

Jumamosi, tarehe 13 Juni 2009, Ncha alivaa viatu vile huku jina lake linaitwa. Alijua mara moja kwamba vimeguswa, lakini alikwishaitwa. Baba yake alikuwa kwenye kiti cha nyuma, macho amefumba. Binti aliinuka juu ya ncha, akaanza kuzunguka. Kiatu kilishika sakafu kama kilivyoagizwa kishike. Mwili ukazunguka, mguu ukabaki. Marehemu akasikia kishindo kile kile cha mwaka 1970.

Daktari alisema kano za kifundo zimechanika, na kwamba huenda asisimame tena juu ya vidole. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini hapa walilia wote. Marehemu alifunga duka siku kumi. Alikaa kitandani amevaa viatu, kana kwamba anaweza kuitwa saa yoyote aende kujibu mashitaka. Hakumuuliza binti kitu. Hakuweza hata kumtazama mguu. Siku ya kumi dada yake alikwenda, akaburuta kiti mbele yake, akakaa.

"Kaka, mimi nilianguka nikiwa na miaka mitano, nikasimama. Wewe ulianguka siku ile ile, na hujasimama mpaka leo. Unataka na huyu mtoto akae chini ili akusindikize?"

"Nilimwachia mkono," alisema.

"Safari hii hukumwachia. Ndiyo shida yenyewe."

Kesho yake alifungua duka. Ncha alikaa na plasta wiki sita, akafanya mazoezi ya kifundo miezi minane, na nyumba nzima ikaishi kwa kuogopa sauti ya mguu ule sakafuni. Hofu ya baba haikuwa tena kwamba ataanguka. Aliogopa kwamba hatapanda tena, na kwamba mwenye kosa ni yeye.

Asubuhi moja ya Machi 2010 binti aliingia dukani, akasimama upande wa wateja, akaweka jozi mpya ya viatu vya ncha kwenye meza.

"Fundi, viatu hivi ni vigumu. Nivunjie."

Marehemu alitazama viatu kama mtu aliyewekewa nyoka. "Mimi sivunji viatu. Natengeneza."

"Haya. Nitampelekea fundi mwingine."

Nani hajui kwamba hilo ndilo neno la pekee linaloweza kumwinua fundi viatu kutoka popote alipo? Alikamata kiatu. Mikono yake, ambayo ilikuwa imetengeneza miaka thelathini na mitano bila kuvunja hata kimoja, ilichukua nyundo, ikairudisha, ikaichukua tena. Binti akamwonyesha: hapa kunja, hapa lainisha, hapa kwaruza, hapa usiguse. "Taratibu, baba," alimwambia. Akavunja cha kwanza huku machozi yanamtoka. Akavunja cha pili. Ncha alivivaa pale pale kwenye sakafu ya duka, akashika ukingo wa meza, akainuka. Kifundo kikashika. Baba alikuwa amefumba macho, kwa hiyo aliambiwa tu.

Mwaka huo huo binti aliingia chuo. Wachezaji wenzake walisikia kuna fundi anayevunja viatu kwa kipimo cha kila mguu, wakaanza kupanga foleni nyuma ya soko, na mwaka 2012 marehemu akabadilisha kibao cha duka kikasomeka: TUNATENGENEZA NA KUVUNJA. Wapita njia walidhani ni utani.

Hatutadanganya mbele ya jeneza kwamba aliacha kuogopa. Aliogopa kila onyesho, miaka kumi na miwili. Mkewe alimbana kiwiko, "Fumbua, mume wangu, ni mzuri," naye akatikisa kichwa, midomo inacheza.

Mwezi wa Februari 2023 alianza kukosa pumzi kwenye ngazi. Uchunguzi ulionyesha mapafu yamekwisha. Alilazwa mara tatu. Aliogopa sana, ndugu zangu, na hakuficha. Aliwaambia wauguzi, alimwambia mfagizi, aliwaambia ninyi mliokwenda kumtazama mkamwambia usiogope. Binti peke yake hakumwambia hivyo. Jumatano, tarehe 8 Novemba, baba alimuuliza: "Kabla hujaruka, kule juu, huwa unafikiri nini?"

"Huwa naogopa, baba."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Miaka yote hii? Na mimi nilidhani naogopa peke yangu kwa niaba yenu wote." Akapumzika kidogo. "Halafu?"

"Halafu naruka. Muziki haungoji."

Alifikiri sana juu ya jibu hilo. Kesho yake, Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mkewe ameshika mkono mmoja na binti ameshika wa pili, alifumbua macho, akamtazama binti yake usoni, akaendelea kumtazama, wala hakuyafumba tena. Muuguzi ndiye aliyeyafumba.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja mchezaji, dada mmoja mwenye viatu imara, na jozi kumi na tatu za wateja dukani. Wenye nazo waje na vipande vyao vya risiti, tunavyo viatu vyenu salama.

Sasa kamba zitalegezwa. Tunawaomba wanaoshusha washushe taratibu, na sisi wengine tunyamaze kabisa, tusikilize, kama yeye alivyotusikiliza sote maisha yake yote. Tusiposikia kitu, tutajua.

Shuka salama, kaka. Utue kimya. Upumzike kwa amani.