Mwalimu Udongo na Tuta la Kuchungulia

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti, na kama mna watoto nyumbani, waiteni nao wasikie. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyewalea watoto wa watu huku kucha zake zimejaa udongo. Alikuwa mwalimu wa kituo cha kulelea watoto wadogo. Watoto walimwita Mwalimu Udongo, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Wiki iliyopita alitutoka. Mwalimu Udongo hatunaye tena.

Kituo chenyewe ni nyumba ya vyumba viwili, na jiko dogo kwa nyuma. Ukipita jiko unakuta uwanja mwembamba kati ya ukuta na tangi la maji. Zamani palitupwa viti vilivyovunjika. Mwalimu Udongo alipoajiriwa, jambo moja lilimkera: kila mchana sahani zilirudi jikoni na mboga zake. Watoto walikula wali, mboga wakaichambua na kuiweka pembeni kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Mmoja wao, binti mdogo, alikuwa na neno moja tu. Mchicha? Hapana. Boga? Hapana. Basi wenzake wakambandika jina, wakamwita Hapana.

Mwalimu Udongo hakuwahi kumlazimisha mtoto kula. Hilo tulishike, wasikilizaji wapendwa: hakuwahi kumlazimisha. Binti yake mkubwa anatuambia, "Mama alikuwa anasema, ukimbana mtoto na kijiko, atakachojifunza ni kukiogopa kijiko."

Akaondoa viti vibovu. Akachimba matuta. Akapanda karoti, yeye na watoto, wote magoti chini. Mwenye kituo, mama mmoja mpenda usafi kupindukia, hakufurahi hata kidogo. Wazazi walikuwa wanalalamika kuhusu nguo chafu, na yeye alitaka uwanja usakafiwe. Mwishowe akakata shauri. "Siku ya wazazi, wakiona mavuno, bustani itabaki. Wasipoona, mwalimu, namwita fundi." Na saruji ilikuwa imeshaletwa, mifuko imepangwa ukumbini.

Kuanzia hapo Mwalimu Udongo alilala akiwaza karoti na kuamka akiwaza karoti. Majani yakastawi. Akawa anatembea kifua mbele.

Siku ya wazazi ikafika. Asubuhi anafungua mlango wa jiko, anakuta karoti zote zimelala, majani yamenyauka. Kumbe jana yake mchana, wakati yeye anafuta viti vya wageni, watoto waliingia bustanini kuangalia kama karoti zimenenepa. Walizing'oa zote. Wakaona bado nyembamba. Wakazirudisha zote ardhini, wakashindilia udongo kwa viganja, kisha wakaenda kunawa mikono kama walivyofundishwa.

Mume wake, fundi cherehani, alikuwa amekuja kusaidia kubeba meza. "Nilidhani atalia," anakumbuka. "Akaniangalia, akasema, 'Mume wangu, hata kunawa wamenawa!' Akacheka mpaka akakaa chini."

Wazazi wakaingia. Mwenye kituo akatazama matuta, akamtazama mwalimu. "Haya, mavuno yako wapi?"

Mwalimu Udongo akapiga moyo konde. Hakutafuta kisingizio. Akawaita watoto, akauliza nani kazing'oa karoti. Mikono yote ikaenda juu, tena kwa fahari. "Basi ng'oeni tena," akasema, "muwaonyeshe mama na baba."

Wakang'oa vikaroti vyembamba kama vidole vyao, wakavisuuza kwenye beseni. Hapana akakishika cha kwake, akakigeuzageuza. Mama yake akawahi kusema, "Huyo hali mboga, mwalimu. Usijisumbue."

Hapana akamgeukia. "Lakini hii nimepanda mimi." Akaitia mdomoni, ikalia kra! Akamaliza, akaomba nyingine.

Hapo uwanja mzima ukaanza kutafuna. Watoto wakawagawia wazazi wao, kila mmoja kipande, na hakuna mzazi aliyethubutu kukataa mbele ya mwanawe. Mwenye kituo naye akapewa chake, kikiwa bado na mchanga kidogo. Akala. Na ile saruji? Ilijenga sehemu ya kunawia mikono, pale pale kando ya bustani. Ni mwenye kituo mwenyewe aliyeamua hivyo, na kisa hicho amekisimulia kwa kila mgeni tangu siku ile.

Tangu hapo Mwalimu Udongo akaweka utaratibu wake. Tuta moja la pembeni likawa tuta la kuchungulia. Mtoto akitaka kujua kama karoti imenenepa, anang'oa pale, anatazama, anaosha, anakula alichokipata. Matuta mengine yanaachwa yakue. Walimu wa vituo vingine walikuja kuona. Walicheka, kisha wakaenda kufanya vilevile. Sisi tuliomfahamu tunajivuna naye, na hatuoni haya kulisema hewani.

Hapana sasa ni mtu mzima. Ndiye mpishi wa kituo kile kile. "Mwalimu alipolazwa," anatuambia, "nilimpelekea karoti ya tuta la kuchungulia. Ilikuwa nyembamba mno. Aliitafuna taratibu mpaka ikaisha. Halafu akaniuliza, 'Umenawa?'"

Kwa mume wake, kwa watoto wake, na kwa wote waliopita mikononi mwake, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Nasi tulio na watoto mezani leo, tujiulize: mara ya mwisho tulimpa lini mtoto mbegu, kabla ya kumpa sahani?

Jana, siku moja baada ya mazishi, watoto walirudi kituoni. Mchana mpishi akakusanya sahani kama kawaida. Anasema zilirudi tupu.